Akivaa jezi ya Zanzibar, ataruhusiwa kuichezea Taifa Stars?

"Assalaam alaikum. Mwanangu ana miaka 16, amezaliwa Wete, na mwezi huu ameitwa kwenye kambi ya timu ya vijana ya Zanzibar. Mjomba wake aliyeko Dar es Salaam anatuambia tumkatalie, kwa sababu akishaichezea Zanzibar hataruhusiwa tena kuichezea Taifa Stars. Baba yangu naye anashikilia kwamba Zanzibar ilikuwa mwanachama wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Bara wakaifukuzisha. Mimi nimebaki katikati. Kama Zanzibar si nchi kwenye mpira, mbona klabu zetu za KMKM na Mlandege zinacheza mashindano ya Afrika? Na mbona Scotland ina timu yake wakati nayo si nchi huru? Naomba nielezwe taratibu, maana uamuzi ni wa wiki mbili hizi."

Waalaikum salaam. Nianze na lile lenye haraka, kwa kuwa kambi haisubiri: mruhusu mwanao aende. Kuichezea Zanzibar, iwe ya vijana au ya wakubwa, hakumfungii mlango wa Taifa Stars hata kidogo, na mifano ya waliopita njia hiyo ni mingi na ya karibu. Nadir Haroub, ambaye mashabiki walimwita Cannavaro, aliichezea Zanzibar na akawa nahodha wa Taifa Stars. Aggrey Morris aliivaa jezi ya Zanzibar Heroes, na mwezi Machi 2019 ndiye aliyefunga moja ya mabao matatu yaliyoizamisha Uganda jijini Dar es Salaam na kuirudisha Tanzania kwenye fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Feisal Salum na Mudathir Yahya nao wamezivaa jezi zote mbili, na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini.

Hata hivyo mjomba hakulitunga jambo hili, amechukua sheria ya kweli na kuiweka mahali pasipo pake. FIFA ina kanuni inayosema kwamba mchezaji akishaliwakilisha shirikisho moja katika mechi rasmi ya mashindano, kuhamia shirikisho jingine kunakuwa kugumu na kuna masharti yake. Kanuni hiyo inawagusa zaidi vijana wenye asili ya nchi mbili, kwa mfano aliyezaliwa Ulaya na wazazi wa Kitanzania, ambaye siku moja atalazimika kuchagua. Lakini kanuni inazungumzia mashirikisho yaliyo wanachama wa FIFA, na Zanzibar si mwanachama. Kwa macho ya FIFA, mwanao atakapocheza na jezi ya Zanzibar hatakuwa amelichagua shirikisho lolote, na jina lake litabaki huru mpaka siku atakapoitwa na Tanzania.

Ichukue pasipoti yake, au yako kama yeye bado hajapata, uifungue. Juu ya jalada pameandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na ndani, kwenye ukurasa wenye picha, uraia ulioandikwa ni wa Tanzania. Wete inatokea kama mahali pa kuzaliwa tu. Mtoto aliyezaliwa Songea na aliyezaliwa Wete wana ukurasa wa namna moja. Mambo mengi utakayoyasoma hapa chini yanatoka kwenye ukurasa huo.

Kuna timu tatu ambazo watu huzichanganya. Taifa Stars ni timu ya Jamhuri ya Muungano, inayoundwa na wachezaji wa pande zote mbili, na ndiyo pekee inayotambuliwa na FIFA kwa ajili ya Kombe la Dunia na inayoingia kwenye mashindano ya Mataifa ya Afrika. Zanzibar Heroes ni timu ya Zanzibar, na uwanja wake mkuu wa mapambano ni mashindano ya CECAFA (shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati), yaani Kombe la Chalenji na yale ya vijana. Kilimanjaro Stars ni timu ya Bara peke yake, nayo huonekana pale tu Zanzibar inapoingia kwa jina lake, kwa sababu isingekuwa haki Wazanzibari wakacheza upande mmoja kisha wakahesabiwa na upande wa pili. Ndiyo maana mwezi Desemba 2017, huko Machakos nchini Kenya, Watanzania walicheza dhidi ya Watanzania katika mashindano ya kimataifa, na Zanzibar ikashinda mabao 2 kwa 1.

Kwa nini CECAFA iikubali Zanzibar na FIFA iikatae? Jibu linahitaji kurudi nyuma, kwa maana hili ni suala la tarehe kuliko la chuki. Mpira wa miguu uliingia Zanzibar mapema, mwishoni mwa karne ya 19, na wanafunzi wa shule ya wamisionari ya Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa upwa huu kuucheza kwa mpangilio. Wengine waliondoka nao kwenda kufundisha bara, na mchezo ukasafiri pamoja nao. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji wa sabuni aliyelitoa. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata miaka michache baadaye, ikiwa nchi ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza, na yenye mamlaka yake mbali na Tanganyika. Hakukuwa na mtu wa kuuliza kama Zanzibar na Tanganyika ni kitu kimoja, kwa sababu hazikuwa. Mashindano hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa Kombe la Chalenji katika miaka ya 1960 na ndiyo yaliyoizaa CECAFA. Zanzibar ilikuwa ndani ya nyumba hiyo kabla Muungano haujazaliwa, na Muungano ulipokuja hakuna aliyeona sababu ya kuitoa. Mwaka 1995 ikalitwaa kombe lenyewe nchini Uganda, na wazee wengi wa Unguja na Pemba wanaikumbuka siku hiyo hadi leo.

Mlango wa FIFA ulikuwa na hadithi nyingine. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na siku sita baadaye ikapokewa Umoja wa Mataifa kama nchi kamili yenye kiti chake. Mapinduzi yakafanyika tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ukafuata Muungano, viti viwili vya Umoja wa Mataifa vikawa kimoja. Mwaka huo wa 1964 ndio ambao chama cha mpira cha upande wa Tanganyika, kilichokuja kuitwa FAT na leo TFF, kiliingia FIFA. Fikiria jinsi nafasi ilivyokuwa finyu: kati ya uhuru na Muungano ilipita miezi minne na ushei, na ndani ya miezi hiyo kulikuwa na mapinduzi. Visiwani hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kukaa chini na kuandika barua ya uanachama wa mpira. Lau barua ile ingeandikwa wakati ule, pengine leo tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Hapa ndipo pana fundo ambalo wengi hawalioni, na mimi hulieleza mara kwa mara kwa sababu bila kulifungua hakuna kinachoeleweka. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya mambo ya Muungano, ambayo mwanzoni yalikuwa 11 na sasa ni 22. Michezo haimo. Kwa hiyo Zanzibar inasimamia michezo yake yenyewe: ina baraza lake la michezo, ina shirikisho lake la soka ambalo lilikuwa ZFA na sasa ni ZFF, ina ligi yake na waamuzi wake, na TFF haina mamlaka ya kumfungia mchezaji wa Mlandege kwa kadi aliyopewa uwanja wa Amaan. Lakini mambo ya nchi za nje yamo, tena tangu siku ya kwanza. Nyumbani, basi, mpira ni wa pande mbili. Ukivuka mpaka, unakuwa wa upande mmoja. Zanzibar inajitawala kimchezo lakini haina sauti ya kujisemea nje, na TFF ina sauti ya nje juu ya mpira ambao, kwa nusu ya nchi, hauusimamii. Ugomvi mwingi wa miaka 60 iliyopita, kuanzia nani achaguliwe Taifa Stars hadi fedha za FIFA zigawanywe vipi, chanzo chake ni hapo.

Klabu zilitafutiwa njia ya kati. Kwa miaka mingi kulikuwa na ligi ya Muungano, ambapo timu bora za Bara na za Visiwani zilikutana na bingwa wake akaiwakilisha nchi barani Afrika. Malindi ya Unguja ilikuwa bingwa wa Tanzania nzima mwaka 1989 na tena 1992, jambo ambalo vijana wa leo wanaojua Simba na Yanga tu hulisikia kwa mshangao. Ligi hiyo ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na CAF ikaipa Zanzibar hadhi ya mwanachama mshiriki, yaani mtu anayeruhusiwa kuingia sebuleni ila hana kura kwenye kikao. Kwa hadhi hiyo bingwa wa Zanzibar huingia Ligi ya Mabingwa Afrika na timu nyingine huingia Kombe la Shirikisho, kwa nafasi ambazo hazitokani na zile za Bara. Hiyo ndiyo sababu unawaona KMKM, JKU, Zimamoto na Mlandege huko. Klabu ni klabu, haibebi utaifa kwa namna ambayo timu ya taifa inaubeba, kwa hiyo CAF iliweza kulegeza upande huo bila kuigusa kanuni ya nchi moja, shirikisho moja. Kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa, nacho ni mwanachama mshiriki wa namna hiyo.

Sasa nije kwa mzee wako. Nusu ya maneno yake ni kweli. Tarehe 16 Machi 2017, kwenye mkutano mkuu wa CAF uliofanyika Addis Ababa, Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili, wa 55. Siku hiyohiyo Issa Hayatou, aliyeiongoza CAF kwa miaka 29, alishindwa uchaguzi na Ahmad Ahmad wa Madagascar. Miezi minne baadaye, mwezi Julai, mkutano mwingine ulioketi Rabat uliufuta uanachama ule, na hoja iliyotolewa na Ahmad ilikuwa kwamba katiba ya CAF hairuhusu mashirikisho mawili kutoka nchi moja, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Nusu ya pili ndiyo isiyo sahihi. TFF iliunga mkono hadharani ombi la Zanzibar, na uamuzi wa kuitoa ulikuwa wa CAF yenyewe. Najua maumivu yaliyobaki, na najua ni rahisi maumivu hayo kumtafuta jirani wa karibu. Lakini mzee akiliweka kosa pasipo pake, mjukuu atakwenda kambini na hasira juu ya watu watakaokuwa wenzake chumbani miaka mitatu ijayo.

Miezi mitano baada ya Rabat, kikosi kile kilichoambiwa hakina nchi kilifika fainali ya Chalenji huko Machakos. Siku ya fainali nilikuwa Mji Mkongwe, Jaws Corner, ambako watu wamezoea kubishana siasa na mpira juu ya vikombe vya kahawa. Zanzibar ilisawazisha mara mbili dhidi ya Kenya, mabao yote yakifungwa na Khamis Musa, na muuza kahawa aliliacha jiko lake mpaka mkaa ukageuka majivu bila mtu kuagiza kikombe. Tulipopoteza kwa penalti hakuna aliyeondoka mara moja. Mzee mmoja aliyekaa barazani alikuwa ameishika bendera ndogo ya Zanzibar, ile yenye bendera ya Muungano kwenye kona ya juu, akaikunja taratibu mara nne na kuitia mfukoni mwa kanzu. Kocha wa kikosi kile alikuwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco. Januari 2024 huyohuyo ndiye aliyeishika Taifa Stars katikati ya fainali za Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, ikatoka sare na Zambia kisha na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata benchi la ufundi, kwa hiyo, limevuka bahari bila kufungiwa mlango.

Kuhusu Scotland, swali lako ni la haki na huulizwa kila mwaka. Scotland na England zilicheza mechi ya kwanza ya kimataifa mwaka 1872 mjini Glasgow, na FIFA ikaanzishwa Paris mwaka 1904. Vyama vinne vya Visiwa vya Uingereza vilikuwepo kabla ya FIFA na ndivyo vilivyokuwa vikiandika sheria za mchezo. FIFA ilivikuta, ikawahitaji, na mpaka leo katiba yake inavitaja kama jambo la pekee lisilofuata kanuni. Hawakupewa haki hiyo kwa sababu Scotland ni nchi zaidi ya Zanzibar. Waliwahi. Gibraltar nayo ilihangaika tangu miaka ya 1990, ikaingia UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016, na silaha yake mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikuwa hiyohiyo ya tarehe: ombi lake lilikuwa limefika kabla kanuni ya kuhitaji kutambuliwa na Umoja wa Mataifa haijawekwa.

Kuna kifungu kimoja cha FIFA ambacho wanasheria wa Visiwani wamekuwa wakikitazama. Kinasema kwamba eneo ambalo bado halijapata uhuru linaweza kuomba uanachama likipewa idhini na shirikisho la nchi linayoitegemea. Kwenye karatasi kinaonekana kama njia, kwa kuwa idhini ya TFF inaweza kupatikana. Lakini soma maneno yenyewe. Ili Zanzibar ipite hapo, italazimika kuandika kwa mkono wake kwamba ni eneo ambalo halijapata uhuru na linaitegemea Tanzania, na sijui kiongozi wa chama chochote, Unguja au Pemba, ambaye angeweka sahihi chini ya sentensi hiyo. Kwa hiyo njia ipo, ila bei yake hailipiki.

Je, uanachama kamili ungekuwa heri tupu? Mimi ni katika wanaotamani kuona Zanzibar Heroes kwenye mechi za kufuzu za Afrika, na silifichi hilo, lakini mzazi anastahili hesabu nzima. Kinachokosekana sasa ni kikubwa: fedha za maendeleo za FIFA, ambazo kwa kila mwanachama zinaweza kufika dola milioni 8 katika kipindi cha 2023 hadi 2026, huingia kwa TFF, na ZFF hubaki kutegemea makubaliano. Lakini siku Zanzibar itakapokuwa mwanachama wa FIFA, ile hofu ya mjomba itakuwa kweli. Wachezaji wenye pasipoti moja wangelazimika kugawanywa kwa kigezo cha mahali walipozaliwa, au walipozaliwa wazazi au babu na bibi zao, au muda walioishi upande fulani, na akishachagua, kubadili kungekuwa kugumu. Kijana mwenye baba wa Chake Chake na mama wa Tanga angeamua akiwa na miaka 19 jambo ambalo familia yake haijawahi kuliamua. Na kama Zanzibar ingeingia CAF tu bila FIFA, kama mwaka 2017, ingecheza kufuzu kwa Afrika lakini Kombe la Dunia lingebaki mbali vilevile. Hili watu wengi waliokuwa wakisherehekea mwaka ule hawakuambiwa.

Wakati huohuo Zanzibar haijakaa kimya. Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ilimaliziwa uwanja wa Amaan, na miezi mitatu baadaye mechi za CHAN, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, zikachezwa hapohapo, Sudan ikiifunga Nigeria mabao 4 bila jibu. Kijana anayekulia huko leo anatazamwa na watu wengi kuliko waliomtazama Nadir Haroub alipoanza.

Kwa mwanao, basi, kilichobaki ni karatasi. Kabla ya kambi mpeleke mwenyewe, ana kwa ana, kwenye ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya, mhakikishe kwamba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti vina tarehe moja na majina matatu yanayolingana, herufi kwa herufi. Makosa ya tarehe yamewakata vijana wengi kuliko makosa ya miguu, na kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 CAF hupima hata mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mtu yeyote akikushauri kumpunguzia umri, hata awe kocha wake, mwondoe mtoto hapo siku hiyohiyo. Akitokea wakala anayeahidi kumpeleka nje ya nchi, kumbuka kwamba FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na usitie sahihi kabla hujakaa na mwanasheria na afisa wa ZFF wanaouona mkataba wenyewe. Na ikiwa kijana ana baba au mama mwenye uraia wa nchi nyingine, jibu langu la juu halitoshi. Hapo nenda ZFF na Uhamiaji mkiwa na nyaraka zote mkononi, kwa sababu kwake kanuni ile ya mjomba inaweza kuwa na uzito.

Serengeti Boys na Ngorongoro Heroes, timu za vijana za Tanzania, huchagua vijana kutoka pande zote mbili, na mojawapo ya mahali ambapo makocha wao huwatazama vijana wa Visiwani ni kwenye michezo ya CECAFA, wakiwa ndani ya jezi ya Zanzibar. Mwambie mjomba hivyo, kisha mwombe anunue viatu vya kambi.